Mbu wa saa moja jioni na mbu wa saa saba usiku: tunapokosea hapa Lubumbashi

1. FundiWaKatuba (mwenye uzi)

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Naanzisha uzi huu kwa sababu ya maneno niliyoyasikia mara nyingi mno tulipokuwa tukipita nyumba kwa nyumba hapa Katuba kuandikisha watu kwa ajili ya vyandarua. Mama mmoja, aliyekuwa uani kando ya mbabula (jiko la makaa) akisonga bukari (ugali), aliniambia kwamba chandarua hakimfai kitu, kwa kuwa mbu humuuma tangu saa moja jioni, na anapoingia kitandani saa nne amekwisha kuumwa kiasi cha kumtosha kuugua. Alisema kwa heshima, na ukimsikiliza hesabu yake inaonekana sahihi. Sikuwa na jibu fupi la kumpa. Jibu lipo, ila ni refu, na ndilo ninaloleta hapa, kwa sababu naamini watu wengi wa mji huu wanakataa chandarua kwa hoja ileile.

Mbu anayemvumia mama yule sikioni jioni, mara nyingi, ni Kuleksi. Huyu ni mbu wa mitaro iliyoziba, wa mashimo ya vyoo, wa maji meusi yanayonuka. Anauma na kuwasha, na ananyima watoto usingizi. Katika pwani ya Afrika Mashariki ndiye anayeeneza matende, lakini malaria haibebi kabisa. Malaria ya binadamu hubebwa na Anofelesi peke yake. Njia rahisi ya kuwatofautisha ni kuwatazama wakiwa wametua ukutani: Kuleksi mwili wake hulala sambamba na ukuta, ilhali Anofelesi huinamisha kichwa na kuinua sehemu ya nyuma, akawa kama msumari uliopigwa kwa mshazari. Chukueni tochi leo usiku mkaangalie.

Anofelesi walio hatari zaidi katika nchi yetu ya Kongo ni wa aina mbili: yule aitwaye gambiae, ambaye hupenda kuzaliana katika vidimbwi vidogo vya maji ya mvua vilivyo wazi kwa jua, na yule aitwaye funestus, anayependa mabwawa na kingo za mito zenye majani. Wote wawili wamezoea damu ya mtu, tena mtu aliyelala. Kwa desturi huanza kuuma usiku ukiwa umeingia vizuri, na kilele chao huwa baada ya saa sita ya usiku hadi karibu na mapambazuko. Hapo ndipo ilipojificha kasoro ya hesabu ya mama yule, na wala si kosa lake. Anahesabu mbu anaowasikia akiwa macho. Wa saa saba usiku hawahesabu, kwa sababu amelala.

Niruhusuni nieleze mlo wenyewe, maana kila silaha tuliyo nayo dhidi ya mbu imejengwa juu ya hatua fulani ya mlo huo.

Mbu dume hanywi damu. Jike na dume wote huishi kwa utamu wa maua na utomvu wa mimea, na jike hutafuta damu kwa sababu anahitaji protini ya kulea mayai yake. Anapoanza kutafuta, kwanza hunusa pumzi yetu, yaani hewa ukaa tunayoitoa, ambayo huifuata akiwa bado mbali. Akikaribia, huongozwa na harufu ya ngozi, na sehemu kubwa ya harufu hiyo hutengenezwa na bakteria wanaoishi juu ya ngozi. Akifika karibu kabisa, joto la mwili humwonyesha pa kutua. Mtafiti wa Uholanzi, Bart Knols, alionyesha katika miaka ya 1990 kwamba gambiae huelekea zaidi miguuni na kwenye vifundo vya mtu aliyeketi, na kwamba hata jibini moja ya Ulaya inayonuka kama miguu ya mtu huwavuta. Watu wengine walicheka, lakini ujuzi huo umesaidia kutengeneza mitego yenye harufu ya binadamu bila binadamu mwenyewe, na katika taasisi ya Ifakara, Tanzania, Fredros Okumu na wenzake walionyesha mwaka 2010 kwamba mchanganyiko wa harufu uliotengenezwa unaweza kuwavuta mbu kuliko hata mtu halisi, ikiwa mtego na mtu wamewekwa katika nyumba mbalimbali.

Akiingia nyumbani, gambiae hapendelei mlango. Hufika ukutani, akapanda juu, akapitia kwenye uwazi ulio kati ya ukuta na bati. Hunywa damu kwa dakika chache tu, mpaka uzito wake unazidi maradufu. Sasa ni mzito, hawezi kwenda mbali, na wengi wao hutua kwenye ukuta ulio karibu ili wasage chakula chao. Baada ya siku mbili au tatu mayai hukomaa, huenda kuyataga majini, kisha hurudi kutafuta mtu mwingine.

Kumbukeni maneno hayo: mtu mwingine. Mbu hazaliwi na malaria. Lazima amuume mgonjwa kwanza, kisha vimelea vikomae ndani ya mwili wake kwa muda wa siku kumi hivi au zaidi, kutegemea joto, na ndipo amuume mtu wa pili. Ronald Ross aliona vimelea hivyo ndani ya tumbo la mbu kule India mwezi wa Agosti 1897. Kwa siku hizo kumi na zaidi mbu analazimika kula mara tatu au nne, na kila mlo ni safari ya hatari kwake.

Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa Uingereza, George Macdonald, aliweka jambo hili katika hesabu, na hesabu yake inafahamika bila shule kubwa. Chukua mbu 100. Ikiwa kila siku wanapona 9 kati ya 10, baada ya siku kumi watakuwa wamebaki kama 35. Wakipona 8 kati ya 10, watabaki 11. Wakipona 7 kati ya 10, watabaki 3 tu. Hujapunguza uzazi wao hata kidogo. Umefupisha maisha yao kwa siku chache tu, na wale wazee, ambao ndio pekee wenye uwezo wa kuambukiza, wamekaribia kwisha. Tena, kwa kuwa mbu lazima aume watu mara mbili ili aeneze ugonjwa, nafasi yake ya kumpata mtu huhesabiwa mara mbili pia: ukiipunguza kuwa nusu, hatari hushuka hadi robo.

Kwa hiyo chandarua chenye dawa si pazia tu la kukuzuia wewe usiumwe. Ni mtego uliowekwa juu ya meza ya chakula ya mbu, kwa saa ileile anayoijia, na wewe uliyelala ndani ndiwe chambo. Anakunusa, anakuja, anagusa nyuzi zenye dawa, anakufa. Huko Asembo, magharibi mwa Kenya, iligunduliwa kwamba hata nyumba zisizo na vyandarua zilipata kinga ikiwa zilikuwa ndani ya mita 300 kutoka kwa nyumba zilizokuwa navyo, kwa sababu mbu wa mtaa mzima walikuwa wamepungukiwa umri. Chandarua cha jirani yako kinakulinda, na chako kinamlinda yeye.

Karibuni kwa maswali na masahihisho.

2. MamaWaRuashi

Asante sana ndugu yetu kwa maelezo. Swali langu ni la nyumbani. Mimi na mume wangu tunalala chumba kimoja, lakini nilipokuwa mjamzito mbu walinijia mimi peke yangu, yeye hakuguswa. Watu walinicheka wakasema ni mawazo yangu tu. Je, mbu huchagua?

3. FundiWaKatuba

Mama, hayakuwa mawazo yako. Huko Gambia, katika utafiti uliotangazwa mwaka 2000, wanawake wajawazito walivutia mbu wa gambiae karibu mara mbili ya wasio wajawazito. Sababu zilizotajwa ni mbili: mjamzito hutoa pumzi nyingi zaidi, hasa katika miezi ya mwisho, na ngozi ya tumbo lake huwa na joto zaidi. Ongeza hapo kwamba mimba hupunguza nguvu za mwili za kupambana na malaria, na utaona kwa nini zahanati humpa mjamzito chandarua katika ziara yake ya kwanza. Kikikosekana hapo, dai. Ni haki yako.

Lipo jambo jingine ambalo hunitia wasiwasi kuliko hilo. Magharibi mwa Kenya, mwaka 2005, watafiti walionyesha kwamba watoto waliobeba malaria katika hatua ile inayoweza kumwambukiza mbu walivutia mbu karibu mara mbili ya watoto wengine, na walipotibiwa tofauti ile ikatoweka. Maana yake ni kwamba vimelea hubadilisha harufu ya mtoto ili mbu wamjie. Basi mtoto mwenye malaria ndiye wa kwanza kuwekwa chini ya chandarua, wala asiachwe kwenye mkeka kwa kudhani kwamba yeye amekwisha kuugua na hakuna la kuogopa tena.

Na ukipenda kujua, huko Burkina Faso ilionekana mwaka 2010 kwamba watu waliokunywa pombe ya kienyeji iitwayo dolo walivutia mbu zaidi kuliko waliokunywa maji. Wanaume wanaokaa kwenye nganda (baa) hadi usiku wa manane walisome hili vizuri.

4. MwalimuKampemba

Nimefuata maelezo yako kwa makini, na ninaona yana uzito. Lakini kwa nini mnatubebesha sisi mzigo wote? Wazee wetu husimulia kwamba zamani kulikuwa na magari ya kupuliza moshi wa dawa mitaani jioni, na mbu walipungua. Hilo lingekuwa kazi ya serikali, wala si ya mama anayesonga bukari.

5. FundiWaKatuba

Mwalimu, nakubaliana nawe kabisa kuhusu wajibu wa serikali, ila moshi wa mitaani si mahali pa kudai fedha zake zitumike kwa ajili ya malaria. Moshi ule huua mbu anayeruka wakati uleule unapopita, kisha hupeperuka. Jioni ile Anofelesi hajaanza kuruka, yuko amejificha kwenye pembe za giza ndani ya nyumba au vichakani. Wanaokufa kwa wingi ni Kuleksi, na ndiyo maana wazee waliona mbu wamepungua. Kelele ilipungua kweli. Kwa malaria, Shirika la Afya Duniani halipendekezi njia hiyo.

Kinachostahili kudaiwa ni kupulizia dawa kwenye kuta za ndani, na hapo tunarudi kwenye tabia ya mlo: mbu mzito aliyeshiba anatua ukutani, na ukuta unamsubiri. Dawa hukaa ukutani kwa miezi. Paul Müller wa Uswisi aligundua mwaka 1939 kwamba DDT huua wadudu, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1948, na katika nchi nyingi kuta zilizopuliziwa DDT ziliwamaliza mbu waliokuwa na desturi ya kupumzika ndani. Afrika ya Kusini ni mfano ninaoupenda, kwa sababu unafundisha pande zote mbili. Huko funestus, mbu wa nyumbani kupita wote, alitoweka kwa miaka mingi. Mwaka 1996 waliacha DDT wakatumia dawa za jamii ya pareto. Kufikia 1999 funestus alikuwa amerudi KwaZulu-Natal, akiwa na usugu dhidi ya dawa hizo mpya, na malaria ikapanda vibaya. Mwaka 2000 walirudia DDT, na ugonjwa ukashuka tena. Tabia ya mbu ilikuwa ileile, mwenye kutua ukutani. Dawa ndiyo iliyokuwa imeshindwa.

Mfano wa upande wa pili ni Garki, kaskazini mwa Nijeria, kuanzia 1969 hadi 1976. Huko walipuliza kuta kwa bidii kubwa, mbu wakapungua sana, lakini malaria haikukatika. Sababu mojawapo ni kwamba sehemu ya mbu wa gambiae walikuwa wakinywa damu ndani na kutoka kupumzika nje, hivyo hawakugusa ukuta. Ndani ya jamii moja ya mbu walikuwamo wenye desturi mbili. Ndiyo maana mimi hukasirika ninapoona mpango umeletwa na kutekelezwa katika mtaa bila mtu yeyote kulala usiku mmoja kuwatazama mbu wa mtaa huo wanakula saa ngapi na wanapumzika wapi. Kazi hiyo haihitaji mitambo. Nilifundishwa kuifanya: alfajiri unatandaza shuka nyeupe chumbani, unafunga madirisha, unapuliza dawa ya kuangusha mbu, unasubiri dakika kumi, kisha unaokota walioanguka na kutazama matumbo yao kama ni mekundu. Chumba kimoja hukupa jibu kabla ya chai.

6. KijanaWaMatofali

Mimi nafyatua matofali kule pembezoni, upande wa Annexe. Kila anapokuja mtu wa afya anatulaumu sisi na mashimo yetu, kana kwamba malaria tumeileta sisi. Hata huyu naona ameanza kusema habari za vidimbwi vya maji ya mvua. Tufanye nini, tuache kula?

7. FundiWaKatuba

Mdogo wangu, sikulaumu, na nyumba yangu mwenyewe imejengwa kwa matofali ya mashimo hayo. Lakini sitakudanganya: shimo la udongo mwekundu lililojaa maji ya mvua, lisilo na majani, lililo wazi kwa jua, ndilo hasa gambiae analolitafuta ili atage. Kiluwiluwi chake utakitambua kwa kuwa hulala sambamba chini ya uso wa maji, tofauti na cha Kuleksi kinachoning'inia kichwa chini. Toka yai hadi mbu kamili ni wiki moja hadi mbili katika joto la masika yetu. Kwa hiyo huhitaji kuacha kazi. Shimo unalolichimba leo na kulikanyaga kila siku halina shida kubwa, kwa kuwa maji yake huvurugwa. Shida ni la mwaka jana ulilolihama. Lifukie kwa mabaki ya tanuru na matofali yaliyopasuka kabla ya mvua za Novemba, au lichimbie mfereji lisihifadhi maji zaidi ya wiki.

Na hili si jambo la ndoto. Ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, kule Luanshya katika Zambia ya leo, mgodi wa shaba wa Roan Antelope ulipoanza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1920, wafanyakazi walikufa kwa wingi hata watu wakaogopa kwenda kufanya kazi huko, na wenyeji walisema ni nyoka mkubwa wa mto Luanshya anayeua. Mwaka 1929 aliitwa Malcolm Watson, aliyekuwa amepambana na malaria katika nchi ya Malaya, yaani Malesia ya leo. Watu wake walichunguza kwanza mbu gani anazaliwa wapi, kisha wakasafisha mto, wakakata majani ya kingo, wakachimba mitaro ya kukausha mabwawa, wakamwaga mafuta kwenye madimbwi. Hakukuwa na DDT wakati huo. Malaria ilishuka, na mgodi ukafanya kazi. Udongo ule na mvua zile ni sawa na zetu.

Ila nakuomba uelewe pia kwa nini mimi bado naanza na mlo wa mbu kabla ya mashimo. Ukifukia nusu ya mashimo, utapunguza mbu kwa nusu, na ni vyema. Ukiwaua mbu wanapokuja kula, unapunguza idadi yao, unafupisha umri wao, na unawazuia wasifike kwa mtu wa pili. Katika hesabu ya Macdonald, upande huo huhesabiwa mara kadhaa.

8. MtuWaBukavu

Nawasalimu kutoka Bukavu, ndugu wa Katanga. Huku kwetu maji ya bomba yakikatika tunaweka akiba katika mapipa na bidoni, na mbu wenye madoadoa meupe miguuni wanatuuma mchana kweupe. Hao je? Chandarua cha usiku kinawahusu?

9. FundiWaKatuba

Hapana, kaka, hao hakiwahusu, na umefanya vyema kuwataja. Huyo ni Aedesi, mbu wa homa ya manjano, wa dengi na wa chikungunya. Jina la chikungunya lenyewe ni la Kimakonde, kutokana na mlipuko wa mwaka 1952 kusini mwa Tanganyika ya wakati huo, nalo husimulia jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Aedesi huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri, na ana tabia mbaya ya kutoshiba kwa mtu mmoja: ukimfukuza anamhamia wa pili na wa tatu, hivyo mbu mmoja anaweza kuiambukiza nyumba nzima katika mlo mmoja. Mayai yake hubaki hai kwa miezi kwenye ukuta mkavu wa pipa, yakingojea maji. Kwa huyo silaha ni kifuniko cha pipa, na kusugua pipa kwa brashi kila wiki, kwa maana kumwaga maji tu hakuondoi mayai. Mwaka 2016 homa ya manjano ilipotoka Angola na kuingia nchini mwetu, chanjo ilikuwa haba hata Kinshasa watu wakachanjwa kwa sehemu ya tano ya dozi ili itoshe. Tusingoje kufika huko.

10. MwalimuKampemba

Narudi tena. Umetaja usugu wa dawa. Ikiwa mbu wamezoea dawa za jamii ya pareto, na vyandarua vimetiwa dawa hizohizo, basi mtego wako umeshika kutu.

11. FundiWaKatuba

Ni kweli, Mwalimu, na sitaki kulificha. Vyandarua ndivyo vilivyofanya kazi kubwa kupita zote: ilikadiriwa kwamba kati ya mwaka 2000 na 2015 Afrika iliepushwa na visa milioni 663 vya malaria, na asilimia 68 ya hivyo ni kwa sababu ya vyandarua. Usugu umeudhoofisha ushindi huo. Jibu lililopatikana ni vyandarua vya mchanganyiko. Kuna vyenye PBO, ambayo humnyang'anya mbu uwezo wa kuivunja sumu, vilivyoanza kupendekezwa mwaka 2017. Kuna na vyenye klorfenapiri, vilivyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwezi wa Machi 2023 baada ya majaribio, mojawapo likiwa la Misungwi, Tanzania, ambako watoto waliolala ndani yake walipata malaria pungufu sana. Klorfenapiri haishambulii mishipa ya fahamu kama pareto, bali huvuruga jinsi chembe za mwili wa mbu zinavyotengeneza nguvu. Nchi yetu inabeba karibu asilimia 12 ya malaria ya dunia nzima, ya pili baada ya Nijeria. Hapa ndipo sauti ya mwalimu inahitajika: siku ya ugawaji, ulizeni chandarua mnachopewa kina dawa gani. Imeandikwa kwenye mfuko.

12. MamaWaRuashi

Jirani yangu anasema kuna vidonge ambavyo ukimeza, mbu akikunywa anakufa yeye. Ni vile vya Mectizan vya kijijini. Ni kweli au ni uzushi?

13. FundiWaKatuba

Ni kweli, mama, ila usivinunue. Ivermektini, inayogawiwa kwa jina la Mectizan dhidi ya upofu wa mtoni, huingia katika damu na kumuua mbu anayeinywa. Uzuri wake ni kwamba humpata mbu popote anapokulia, awe ndani au nje, jioni au alfajiri. Katika jaribio la Kwale, pwani ya Kenya, lililotangazwa mwaka 2025, dawa hiyo ilipotolewa kwa jamii nzima mara moja kwa mwezi, maambukizi mapya kwa watoto wa miaka 5 hadi 15 yalipungua kwa asilimia 26, juu ya faida ya vyandarua. Lakini mtu mmoja akimeza peke yake hamlindi yeyote, maana mbu amekwisha kumuuma. Tena sehemu za misitu ya nchi yetu zina mdudu wa loa loa, na mwenye wadudu hao wengi mwilini anaweza kudhurika vibaya mno na dawa hiyo. Iacheni mikononi mwa waganga wa hospitali.

14. MlinziWaUsiku

Nimesoma yote kimya. Mimi ni mlinzi, nakaa langoni kutoka saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, siku sita kwa wiki. Saa saba ya usiku unayoisema mimi niko macho, nje, kwenye kiti. Nimeugua mara tatu tangu mvua zianze. Niambie kuhusu mimi.

15. FundiWaKatuba

Ndugu yangu, umeniweka mahali pagumu, na ni haki yako. Vyandarua na kuta zenye dawa vyote vinadhani kwamba mtu amelala ndani usiku. Kwa mlinzi, kwa mchimbaji wa zamu ya usiku, kwa mama anayeuza mikate usiku kando ya barabara, dhana hiyo si kweli, na mipango ya afya imewasahau. Siwezi kukuambia kwamba ipo silaha yenye nguvu sawa kwa ajili yako.

Lililopo ni hili. Gambiae hupenda miguu ya aliyeketi: vaa soksi nzito na suruali ndefu, uichomeke ndani ya soksi, kisha upake dawa ya kufukuza mbu kwenye vifundo na mikono, na uirudie kabla ya saa sita ya usiku, kwa kuwa uliyopaka jioni imekwisha nguvu mbu wanapofikia kilele. Ukirudi nyumbani asubuhi, lala chini ya chandarua ijapokuwa ni mchana. Huko Bangui, katika utafiti uliotangazwa mwaka 2022, kati ya asilimia 20 na 30 ya kuumwa na Anofelesi kulitokea mchana, ndani ya nyumba. Ninyi mnaolala mchana mpo katika hesabu hiyo. Na ukipata homa, nenda upimwe siku hiyohiyo, kwa ajili yako na kwa ajili ya walio nyumbani kwako, kwa sababu mbu atakayekunywa wewe leo ndiye atakayemfikia mwanao baada ya wiki mbili.

Nawajulisha pia kwamba jana nilirudi kwa yule mama wa bukari, akaniruhusu kutandaza shuka chumbani alfajiri. Kwenye shuka walianguka Kuleksi wengi, na miongoni mwao Anofelesi wachache wenye matumbo mekundu, wote upande wa ukuta ulio kando ya mkeka wa watoto. Aliwatazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza namna ya kutundika chandarua juu ya mkeka, kwa kuwa chumba hakina dari na kamba haifiki kwenye mbao za paa. Tulipiga misumari minne ukutani, tukafunga kamba kwa urefu wa kiuno, tukachomeka kingo chini ya mkeka. Mwenye njia bora zaidi ya kutundika katika chumba kisicho na dari aiandike hapa, nitampelekea.